Tanzia: Kazi ya Václav Nedomanský, 1962–1983

Kazi ya Václav Nedomanský, mshambuliaji wa hoki ya barafu, ilianza mjini Bratislava mwaka 1962 ikakoma New York mwaka 1983. Iliishi miaka 21. Siku ilipokoma, nchi iliyomlea haikuwa na gazeti ambalo lingeweza kuiandikia hata mistari mitatu, kwa sababu jina la mwenye kazi lilikuwa limefutwa miaka tisa kabla. Katika nchi zilizompokea, vitabu vya kumbukumbu viliandika kwamba amestaafu mchezaji wa miaka 39 aliyefunga mabao 122 katika ligi kuu, basi. Kila upande ulizika nusu yake. Tanzia hii ni ya kazi hiyo, si ya mtu, nami naiandika ili nusu hizo mbili zisomwe pamoja.

Mwenye kazi alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 huko Hodonín, mji wa Moravia ulio kando ya mto Morava. Ukivuka mto umeingia Slovakia. Vita vilikuwa havijaisha na Wajerumani ndio waliokuwa wakitawala. Mji huohuo ndio uliomzaa Tomáš Garrigue Masaryk, rais wa kwanza wa Chekoslovakia, yule aliyewaunganisha Wacheki na Waslovakia chini ya bendera moja mwaka 1918. Nedomanský alikuwa mtoto halisi wa muungano ule: Mcheki wa Moravia ambaye maisha yake yote ya mchezo nyumbani aliyatumia katika klabu ya Waslovakia. Muungano wenyewe haupo tena. Nchi hizo ziliachana mwaka 1993 bila kumwaga damu. Kila moja humtaja kama wake, na kila moja ina haki.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo huu: timu mbili, kila moja ikiwa na kipa na wachezaji watano, huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye makali ya chuma, wakigombea kisahani cheusi cha mpira mgumu kwa magongo marefu. Vipindi ni vitatu, kila kimoja dakika 20. Kasi yake ni kubwa mno, hata mshambuliaji hawezi kucheza kwa nguvu zote zaidi ya dakika moja hivi. Huruka ukingo akarudi benchini kuvuta pumzi, na mwenzake huingia bila mchezo kusimama. Kumgonga mpinzani kwa bega ni halali. Kisahani kikipigwa vizuri, kipa hukisikia kabla hajakiona.

Chekoslovakia iliupenda mchezo huu kupita kiasi, na serikali yake iliuogopa. Mwaka 1947 na tena mwaka 1949 timu ya taifa ilitwaa ubingwa wa dunia. Mwezi Machi 1950, mabingwa hao walipokuwa karibu kusafiri kwenda London kutetea taji, safari ilizuiwa na wao wakakamatwa. Utawala wa kikomunisti, ambao ulikuwa na miaka miwili tu madarakani, uliwashuku kwamba wangebaki Magharibi. Uliwashtaki kwa uhaini. Kipa Bohumil Modrý, mmoja wa makipa bora wa Ulaya wa wakati wake, alipewa kifungo cha miaka 15. Wafungwa kadhaa wa kesi ile walipelekwa kwenye machimbo ya urani. Walipoachiwa katikati ya miaka ya 1950, kizazi kizima cha hoki kilikuwa kimevunjwa, na Modrý alifariki mwaka 1963 afya yake ikiwa imekwisha.

Nedomanský alikuwa na miaka sita tu mabingwa wale walipofungwa. Kila mtoto wa Chekoslovakia aliyeshika gongo baada ya hapo alikua akijua habari hiyo hata kama haikusemwa kwa sauti. Ni lazima ikumbukwe tutakapofika mwaka 1974, kwa maana mtu huyu alipofanya alichofanya, alijua wenzake wa zamani walilipa nini kwa kushukiwa tu.

Alijiunga na Slovan Bratislava mwaka 1962 akiwa kijana wa miaka 18. Bratislava iko juu ya mto Danube, na ng'ambo ya mto huo, nje kidogo ya mji, ndipo mpaka wa Austria unapoanzia. Vienna haifiki kilomita 70 kutoka hapo. Katika miaka ile mpaka huo ulikuwa na nyaya na minara ya walinzi wenye bunduki. Mshambuliaji bora wa nchi alifanya mazoezi kwa misimu 12 katika mji ambao dunia nyingine ilionekana kwa macho, na kuifikia ilikuwa ni kuhatarisha uhai.

Alikuwa mkubwa wa mwili, sentimita 188, na wakati ule wachezaji wengi wa Ulaya walikuwa wafupi na wepesi. Ukubwa wake haukumfanya mzito. Aliweza kucheza katikati au winga ya kulia, aliwapita mabeki kwa nguvu na kwa akili, na shuti lake lilikuwa jambo la kuogopwa. Katika ligi ya nyumbani alifunga mabao 369 kwa mechi 419. Nawaomba wanaojua soka wazitazame hesabu hizo tena. Hoki ina mabao mengi kuliko soka, ni kweli, lakini mshambuliaji anayekaribia bao moja kila mechi kwa miaka 12 mfululizo, katika ligi ambayo wakati ule ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi Ulaya, hapatikani kila kizazi.

Slovan haikuwahi kutwaa ubingwa wa ligi akiwa nayo. Miaka ile ilikuwa ya Dukla Jihlava, timu ya jeshi, ambayo ilichukua mataji sita mfululizo kuanzia 1967 hadi 1972. Jeshi lilikuwa na njia rahisi ya kupata wachezaji: kila kijana alilazimika kutumikia, na mwenye kipawa alitumikia akiwa amevaa jezi. Rasmi wote hao, wa Dukla na wa Slovan, walihesabiwa kuwa wachezaji wa ridhaa. Wengine walikuwa askari kwenye karatasi, wengine wafanyakazi wa viwanda vilivyofadhili klabu. Ukweli ni kwamba hoki ndiyo iliyokuwa kazi yao, ila haikulipwa kama kazi.

Sasa tufike mwaka 1968, kwa sababu kazi ya Nedomanský haiwezi kueleweka bila mwaka huo. Mwezi Februari, kwenye Olimpiki ya Grenoble nchini Ufaransa, Chekoslovakia iliifunga Umoja wa Kisovyeti 5–4. Wasovyeti walikuwa mabingwa wa dunia tangu mwaka 1963 na watu walikuwa wamezoea kuwaona hawafungiki. Walichukua dhahabu hata hivyo, na Chekoslovakia ikapata fedha, lakini nyumbani ushindi ule ulipokewa kama ishara. Alexander Dubček alikuwa amekabidhiwa uongozi wa chama mwezi mmoja kabla. Magazeti yalianza kuandika bila kukaguliwa, watu walianza kusafiri. Kwa miezi michache nchi ilipumua. Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Agosti, vifaru vya Wasovyeti na vya washirika wao vikavuka mpaka, na pumzi ile ikakatwa.

Mashindano ya ubingwa wa dunia ya mwaka 1969 yalikuwa yafanyike Prague. Baada ya uvamizi yakahamishiwa Stockholm. Kila timu ilicheza na kila mwenzake mara mbili, kwa hiyo Chekoslovakia ilipaswa kukutana na Wasovyeti mara mbili. Jeshi lililokalia nchi yao lilikuwa bado lipo katika kambi zake. Wachezaji hawakuwa na silaha wala hotuba. Kuna waliofunika kwa utepe nyota nyekundu iliyokuwa kwenye nembo ya jezi zao. Tarehe 21 Machi walishinda 2–0. Mchezo ulipoisha hawakuwapa wapinzani mikono. Tarehe 28 Machi wakashinda tena, 4–3.

Usiku ule watu walijitokeza mitaani katika miji yote ya Chekoslovakia. Wanakadiriwa kufikia nusu milioni. Walikuwa wakisherehekea hoki, na kila mtu alijua kwamba si hoki peke yake. Prague, ofisi ya shirika la ndege la Kisovyeti, Aeroflot, ilivunjwa madirisha na samani zake zikatupwa nje. Moscow ilikuwa ikingoja sababu na sasa ikaipata. Katikati ya Aprili Dubček aliondolewa, Gustáv Husák akashika nafasi yake, na milango yote iliyokuwa imefunguliwa ikafungwa kwa miaka 20.

Jambo linalonisikitisha zaidi ninapoipitia kazi hii ni kwamba wachezaji wale hawakupata hata dhahabu. Waliwafunga Wasovyeti mara mbili lakini Sweden ikawafunga wao. Timu tatu zilimaliza zikiwa na pointi 16 sawasawa, na kwa tofauti ya mabao Wasovyeti wakatwaa ubingwa, Sweden fedha, Chekoslovakia shaba. Nedomanský alipata medali nyingi katika maisha yake. Kwangu mimi hiyo shaba ya Stockholm ndiyo iliyopatikana kwa gharama kubwa kuliko zote.

Dhahabu ilikuja miaka mitatu baadaye. Kabla yake palitokea tukio moja kwenye Olimpiki ya Sapporo, Japani, Februari 1972: katika mechi dhidi ya Wasovyeti, Nedomanský alikipiga kisahani kwa makusudi kuelekea benchi walikokaa wapinzani wake. Sitamtetea. Kisahani kile kinaweza kuvunja taya la mtu. Lakini mwenye kutaka kujua miaka ile mitatu na nusu ya kuishi chini ya vifaru iliwafanya nini watu waliokuwa wapole kwa tabia, atalijua kwa shuti lile moja. Mtu huyohuyo baadaye alipewa tuzo ya uungwana, nasi tutaifikia.

Aprili 1972, mashindano yakarudi Prague hatimaye. Chekoslovakia iliifunga Umoja wa Kisovyeti 3–2 mbele ya watu wake, ikawa bingwa wa dunia kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1949. Mfululizo wa mataji tisa ya Wasovyeti ukakatika hapo. Nedomanský alikuwa na miaka 28.

Miaka miwili baadaye, huko Helsinki, alichaguliwa kuwa mshambuliaji bora wa mashindano ya dunia. Timu yake iliwafunga Wasovyeti 7–2 katika mechi yao ya kwanza, kisha ubingwa ukawaponyoka tena. Hadi hapo alikuwa amefunga mabao 163 katika mechi 220 za timu ya taifa. Kisha, kiangazi cha mwaka 1974, akaondoka.

Klabu za Amerika ya Kaskazini zilikuwa zikimtamani kwa miaka. Uamuzi haukuwa wake. Ulikuwa wa shirikisho, na nyuma ya shirikisho kilikuwepo chama. Mchezaji mmoja, Jaroslav Jiřík, ndiye aliyeruhusiwa kwenda St. Louis msimu wa 1969–70, akacheza mechi tatu tu katika ligi kuu ya huko, NHL, kisha akarudi. Mlango ukafungwa baada yake. Nedomanský alikuwa ametimiza miaka 30. Mshambuliaji wa umri huo ana misimu michache iliyobaki, naye alijua kwamba wakubwa wangemsubirisha mpaka miguu ipoteze kasi ndipo wamwambie sasa nenda.

Aliomba ruhusa ya likizo nchini Uswisi pamoja na mkewe na mtoto wao wa kiume. Ruhusa ikatolewa. Hawakurudi. Kutoka Uswisi walielekea Kanada, na mwenye kazi akasaini na Toronto Toros, timu ya ligi iliyoitwa WHA, ligi changa iliyoanza kuchezwa mwaka 1972 kushindana na NHL. Mcheki mwingine, Richard Farda, mwenzake katika timu ya taifa, alifika Toros msimu huohuo. Hivyo Nedomanský akawa nyota mkubwa wa kwanza wa hoki kutoroka kambi ya kikomunisti ili akacheze kulipwa Amerika ya Kaskazini.

Nyumbani alifutwa. Magazeti yaliacha kumtaja, na jina lililotangazwa redioni kwa miaka 12 likawa halisemwi. Mwenye kuondoka namna ile hakuwa amehama. Alikuwa amekufa kwa mujibu wa serikali yake, na wazazi, ndugu na marafiki waliobaki walijua kwamba hawana tarehe ya kumwona tena. Wapo waliosema, na labda wapo wanaosema hadi leo, kwamba aliwatupa wenzake waliobaki na kuivaa jezi ya taifa. Siwezi kukubaliana nao. Aliitumikia jezi ile kwa miaka karibu kumi na kuiletea kila rangi ya medali. Alichodai baada ya hapo ni haki ambayo fundi seremala wa nchi huru anayo: kwenda panapolipa kazi yake na kurudi kwao sikukuu ikifika.

Toronto ilimkuta mzima. Toros walicheza katika Maple Leaf Gardens, uwanja uleule wa Toronto Maple Leafs wa NHL, na katika timu yao walikuwemo Frank Mahovlich na Paul Henderson, majina ambayo kila Mkanada aliyajua. Msimu wa kwanza Nedomanský alifunga mabao 41. Msimu wa pili, 1975–76, alifunga 56 na kutoa pasi za mabao 42. Mwaka huo alipewa tuzo ya WHA ya mchezaji muungwana zaidi. Ligi zote mbili wakati ule zilijaa ngumi, na wachezaji kutoka Ulaya waliwindwa kwa magongo na viwiko kwa sababu walidhaniwa ni walaini. Yeye alijibu kwa mabao.

Septemba 1976 likaja jambo ambalo nadhani ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Mashindano ya kwanza ya Kombe la Kanada yalifanyika, na kwa mara ya kwanza mataifa makubwa ya hoki yaliweza kukutana na wachezaji wao wote bora, wa kulipwa na wa ridhaa. Chekoslovakia, ambayo miezi michache kabla ilikuwa bingwa wa dunia, ilikuja na kufika fainali. Kipa wake alikuwa Vladimír Dzurilla, mwenzake Nedomanský wa miaka mingi pale Slovan, ambaye katika hatua ya mwanzo aliizuia Kanada isipate hata bao moja, wakashinda 1–0. Mechi ya mwisho ya fainali, huko Montreal, iliisha 5–4 kwa bao la Darryl Sittler katika muda wa nyongeza. Wenzake walicheza mechi hiyo katika nchi aliyoishi yeye. Mshambuliaji aliyefunga mabao 97 katika misimu miwili ya huko hakuwa na jezi ya kuvaa. Tofauti ilikuwa bao moja. Sidai kwamba angelifunga. Nasema tu kwamba waliokuwa wakiiongoza hoki ya Chekoslovakia waliona heri washindwe kuliko kumwita.

Mwaka huohuo Toros walihama Toronto na kwenda Birmingham, Alabama, kusini kabisa mwa Marekani, mahali ambapo theluji ni habari. Wakajiita Bulls. Akafunga 36. Msimu uliofuata uongozi uliamua kwamba watu wa kule watanunua tiketi kuona ngumi, na Novemba 1977 ukambadilisha Nedomanský na mwenzake Tim Sheehy kwa Steve Durbano na Dave Hanson wa Detroit Red Wings, watu wawili wanaokumbukwa kwa mapigano kuliko kwa magoli. Yalikuwa mabadilishano ya kwanza ya wachezaji kati ya ligi hizo mbili zilizokuwa zikigombana mahakamani. Muungwana alitolewa wakapokelewa wapiganaji, na kwa njia hiyo akaingia NHL.

Alikuwa na miaka 33, na kwa kanuni za ligi hiyo alikuwa mgeni, sawa na kijana aliyetoka shule. Detroit ya miaka ile ilikuwa timu mbovu. Msimu wa kwanza alijikokota: mabao 11. Nani angemlaumu kama angeishia hapo? Msimu uliofuata, 1978–79, alicheza mechi zote 80, akafunga 38. Alitimiza miaka 35 msimu ukiwa unaendelea. Mwaka uliofuata alifunga 35 na kupata jumla ya pointi 74, zaidi kidogo ya mwaka uliotangulia. Wachezaji wa wakati huo wa umri huo, wengi wao walikuwa wamekwishaanza kufundisha au kuuza bima.

Miaka hiyo miwili ya Detroit ndiyo ushahidi wangu mkuu. Ikiwa mwili wa miaka 35, baada ya misimu 12 ya Ulaya na minne ya ligi ya vurugu, ulifunga mabao 38 katika ligi ngumu kuliko zote, je, mwili wa miaka 25 ungefunga mangapi? Swali hili halina jibu, na ndiyo maana linauma. Miaka yake bora ilichezwa mbele ya watu walioambiwa waisahau, na wenye daftari la ligi kuu hawakuwa wakitazama.

Mwisho ulikuwa wa kawaida. Misimu miwili zaidi Detroit, mabao 12 kila mmoja. Msimu wa 1982–83 aligawanywa kati ya St. Louis Blues na New York Rangers, akafunga 14 katika mechi 57. Kilichoiua kazi hii ni umri, ugonjwa usio na dawa. Ligi ya WHA yenyewe ilikuwa imetangulia kufa mwaka 1979, na NHL ilipozimeza klabu zake nne haikuyatambua mabao yaliyofungwa humo. Kwa hiyo daftari lake rasmi likabaki na mechi 421, mabao 122, pasi 156. Yale 135 ya WHA yako ukurasa mwingine, yale 369 ya Chekoslovakia yako lugha nyingine, na yale 163 ya taifa yalikuwa kabatini Prague. Ukijumlisha mwenyewe, bila mechi za mtoano, unapata mabao 789 katika mechi 1,312.

Kazi hii imeacha warithi wengi. Mwaka 1980 ndugu wawili kutoka klabu yake, Peter na Anton Šťastný wa Slovan, waliwapotea walinzi wao mjini Innsbruck wakaenda Quebec, na mwaka uliofuata kaka yao Marián akawafuata. Slovan hiyo ilikuwa imetwaa ubingwa wake wa kwanza wa ligi mwaka 1979, miaka mitano baada ya Nedomanský kuondoka. Petr Klíma alitoroka mwaka 1985 na kwenda Detroit ileile. Michal Pivoňka alifuata mwaka 1986. Petr Nedvěd alikuwa na miaka 17 alipobaki Calgary mwanzoni mwa mwaka 1989 baada ya mashindano ya vijana. Kila mmoja wao aliaga bila kuaga. Mama zao walisikia habari kwa simu au kwa polisi.

Mwezi Novemba 1989 utawala ule ukaanguka. Kiangazi cha mwaka 1990, kijana wa Kladno aitwaye Jaromír Jágr alisafiri kwa ndege mpaka kwenye ukumbi ambamo NHL huchagua wachezaji wapya, akiwa na pasipoti yake mfukoni, akachaguliwa wa tano na Pittsburgh Penguins, kisha akapanda ndege kurudi nyumbani kufunga mizigo. Alivaa namba 68 mgongoni kwa kukumbuka mwaka wa vifaru. Tangu hapo Wacheki na Waslovakia wamekwenda na kurudi kwa mamia, na wakiitwa na taifa huja. Aina ya kazi aliyokuwa nayo Nedomanský, ile iliyokatwa na mpaka na kulipiwa kwa jina la mtu, haikuzaliwa tena huko.

Yeye mwenyewe baada ya kustaafu alibaki katika hoki, na katika uzee wake alizitafutia klabu vijana wenye vipaji, ikiwemo Vegas Golden Knights. Shirikisho la dunia lilimwingiza kwenye orodha yake ya heshima mwaka 1997. Ukumbi wa heshima wa hoki ulioko Toronto ulichukua muda mrefu zaidi. Peter Šťastný aliingizwa humo mwaka 1998. Nedomanský, aliyemtangulia njiani, aliingizwa mwezi Novemba 2019, miaka 36 baada ya mechi yake ya mwisho, akiwa na umri wa miaka 75. Ukumbi huo una kundi la wachezaji na kundi la wajenzi wa mchezo, na ingekuwa rahisi kumweka kwenye hilo la pili, kwa heshima ya mlango alioufungua. Walimweka kwenye kundi la wachezaji.